Nimekuuliza Mifuko, Sikukuuliza Ruhusa

4 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba yangu ipokee kabla hujaniamkia, na ukae chini, maana nakujua, barua zangu unazisoma umesimama. Mimi mzima. Magoti yanalia kama mlango wa stoo lakini ngazi yananipandisha. Mkeo mpe pole ya jino. Binti yako mwambie ramani aliyonichorea nimeibandika jikoni. Kaskazini ameiweka chini, nami nimeiacha hivyohivyo, kwa sababu ndiyo ramani pekee niliyopewa bila mtu kusubiri nimpe maksi.

Unajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Simu mchana naizima. Meneja ananipigia mara sita kwa siku kuniuliza kama nimefunga gesi. Mwanangu huyu tulimpa jina hilo akiwa mdogo, alipokuwa akimpangia hata paka pa kulala, tukacheka. Sasa ananipangia mimi. Amenitengea chumba nyumbani kwake, cha nyuma, kimeshapakwa rangi, na anataka ifikapo Julai niwe nimehamia. Anasema siwezi tena kukaa peke yangu. Miaka sitini na mitatu, Sindano! Mtu akisikia atadhani nina mia.

Sasa sikiliza. Miaka thelathini na mmoja nimeuchora mto wetu ubaoni kwa chaki ya buluu, kutoka vilimani mpaka ziwani. Kila mwaka nawaambia watoto, hapa unapinda, na hapo unapopinda sijawahi kupatia mguu. Tarehe kumi na nne Juni nakwenda. Tuko watu tisa, mitumbwi mitano ya plastiki, siku kumi na mbili, tunalala kwenye mahema kando ya mto. Kiongozi wetu ni mwanamke niliyemfundisha mwenyewe. Jiografia alikuwa anashika mkia, na leo hakuna jiwe la mto ule asilolijua.

Meneja nimemwambia. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akasema, "Mama, ukirudi umebebwa usiniambie kitu." Nikamwambia sawa. Kwa hiyo unaelewa nilipofika: nikirudi nimebebwa, chumba kile ndio mwisho wangu. Nikirudi kwa miguu yangu, hana la kusema.

Kiongozi anasema kila mtu aje na mifuko isiyopitisha maji ya kuwekea vitu vyake: nguo, mfuko wa kulalia, chakula, na vitu vidogo vidogo visivyotaka unyevu. Nimeingia dukani nikakuta ipo minene, myembamba, ya kuona ndani, ya zipu, ya kukunja mdomo, rangi zote. Nikatoka na kizunguzungu. Wewe una miaka kumi na mitano unashonea watu maturubai na mifuko ya safari. Niambie: aina gani, mingapi, na ukubwa upi? Au nishonee.

Shangazi yako,
Mwalimu Ramani (najua mnavyoniita)


19 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Jino la mke wangu limeng'olewa, anakushukuru. Binti anasema kaskazini iko chini kwa sababu nyumba ya bibi iko chini. Karakana yetu tumeihamisha, tuko mtaa wa pili, chumba kina dirisha kubwa na cherehani zote tatu zinapata mwanga. Siku hizi nashona zaidi viti vya magari na vivuli vya maduka.

Shangazi, nimeisoma barua yako mara nyingi. Safari ni nzuri. Ila na mimi nijiweke kwenye nafasi ya mtoto wako, maana ndivyo ulivyonilea. Maji si ubao. Mtu wa umri wako akilowa usiku mmoja tu, kifua kinaweza kumsumbua mwezi mzima. Nimeuliza watu, nikaambiwa kuna barabara inayofuata mto karibu njia yote. Unaweza kwenda kwa gari, ukashuka kila panapopinda, ukapaona, ukapiga picha, ukalala hotelini. Mimi na mke wangu tunaweza kukusindikiza.

Meneja amenipigia. Hatukugombana. Alisema tu nisikupe kichwa.

Halafu umeandika "vitu vidogo vidogo visivyotaka unyevu." Ni vitu gani hivyo?

Fikiria, Shangazi. Bado kuna muda.

Mpwa wako


26 Machi

Sindano,

Marahaba. Nimefurahi jino limetoka. Dirisha kubwa hongera. Hapa kila mtu mzima, nami ndiye kila mtu.

Nimeisoma barua yako kwa kalamu nyekundu. Umeandika barabara, hoteli, kifua, picha. Neno mfuko umeliandika mara ngapi? Hata mara moja! Fundi wa mifuko! Ingekuwa ni insha ningekurudishia na kukuambia hukujibu swali. Nimekuuliza mifuko, sikukuuliza ruhusa. Ruhusa nilikuwa naomba kwa baba yangu, akafa. Nikawa naomba kwa mume wangu, naye Mungu akamchukua. Sijasikia kwamba kuna mwingine ameteuliwa.

Na Meneja akikupigia tena mwambie kichwa ninacho, sihitaji kupewa.

Basi, kwa kuwa fundi wangu amepiga kimya, nimekwenda mwenyewe dukani. Nimenunua miwili, mmoja wa kijani wa kitambaa, wenye zipu, na mmoja wa manjano, mzito, wa kukunja mdomo na kubana kwa klipu. Nimefika nyumbani nikafanya jaribio kama ninavyopenda. Kila mmoja nimeutia ukurasa wa gazeti, nikafunga, nikautumbukiza kwenye pipa la uani na jiwe juu yake. Nikaenda kupiga pasi nusu saa. Kurudi, gazeti la mfuko wa kijani limekuwa uji. La manjano limelowa nusu. Nimeibeba yote miwili inavuja maji njia nzima, nikaiweka juu ya kaunta ya yule muuzaji.

Akautazama wa kijani, akageuza kile kilebo chake, akanionyesha kwa kidole. "Mama, soma. Imeandikwa unastahimili maji. Haikuandikwa haupitishi maji."

Sindano, mimi ni mwalimu, nimesahihisha maneno ya watu maisha yangu yote, na yule kijana wa dukani alininyamazisha. Nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki nikalifikiria neno lile. Unajua tulipomzika mume wangu watu walinisifu vipi? Huyu mama mstahimilivu. Shuleni waliponinyima ukuu wa shule mara tatu, walinisifu hivyohivyo. Meneja naye akiwaeleza rafiki zake habari zangu husema, mama yangu amestahimili mengi. Na wote walikuwa wananipenda, ndicho kinachoniudhi. Kustahimili maana yake maji yameingia na wewe umenyamaza. Mimi sitaki tena! Nataka kile kingine, kisichopitisha.

Nimerudishiwa mfuko mwingine wa manjano badala ya ule wa kwanza, maana nilisema ni mbovu. Wa kijani nimeuacha palepale. Sasa nijibu swali langu, na usinizungushe.

Shangazi


29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Ule wa manjano ulikunja mdomo mara ngapi?

Sindano


3 Aprili

Marahaba!

Ehee. Kumbe unajua kuandika haraka. Wiki sita kuniambia habari za hoteli, siku tatu kuniuliza habari ya mkunjo. Nilicheka mpaka jirani akaja kugonga.

Nilikunja mara moja, kama bahasha ya mitihani. Miaka thelathini na mmoja mitihani yangu haikuvuja hata siku moja, nikadhani maji nayo yana heshima. Baada ya swali lako nimekwenda pipani tena na ule mpya. Mara mbili, gazeti likapata ukungu wa maji pembeni. Mara nne, kavu kabisa, nimelisoma mpaka ukurasa wa michezo. Kwa hiyo yule muuzaji nimemwonea, na kesho nakwenda kumwomba radhi mbele ya wateja wake, kama nilivyompigia kelele mbele yao.

Lakini sasa nimekugundua. Mtu asiyetaka niende asingejali mkunjo. Wewe ulisoma kosa langu, mikono ikawasha. Kwa hiyo si umri wangu, wala kifua changu. Kuna kitu hukisemi. Umeandika siku hizi unashona viti vya magari. Wewe! Uliyenishonea mkoba wa shule ukiwa na miaka kumi na mbili, kwa mkono, ukanichoma kidole ukinivalisha! Mifuko umeacha lini, na kwa nini?

Na mimi nina langu nisilolisema, umeliuliza nikajifanya sijaona. Tubadilishane. Wewe kwanza, kwa sababu mimi ni mkubwa.

Shangazi


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mke wangu amenunua kabati, halikuingia mlangoni, tumeling'oa miguu. Binti amekuwa wa nne darasani. Nimeanza barua hii mara tano.

Mwaka juzi alikuja mteja, mtafiti wa mimea. Mtu mpole, anaongea huku anatazama viatu. Alikuwa anakwenda kwenye vinamasi miezi mitatu na alitaka mfuko mkubwa wa daftari zake. Nikamshonea wa turubai zito. Unajua sindano inafanya nini, Shangazi. Kila mshono ni mstari wa matundu. Ndiyo maana ukimaliza kushona unageuza mfuko nje ndani, unapaka gundi juu ya mshono na kubandika utepe, inchi kwa inchi, halafu unaacha siku mbili. Mifuko ya kiwandani ile mizuri haishonwi, inaunganishwa kwa joto, haina tundu hata moja.

Nilibandika mishono mitatu. Wa nne, ule wa chini, gundi ikaniishia. Ilikuwa Jumamosi, duka la gundi limefungwa, na yeye amesimama pale na begi lake mgongoni, gari linamsubiri. Akaniuliza, "Tayari, fundi?" Nikasema tayari. Nilikuwa naweza kumwambia bado, nisingepungukiwa na kitu. Nikasema tayari.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Hakugomba. Aliweka daftari juu ya meza yangu ya kukatia, kumi na moja, zimevimba, wino umetoka wote, kurasa zimekuwa buluu tupu. Akanitazama, mara ya kwanza ananitazama usoni, akaondoka akaziacha. Ilikuwa kazi yake ya miaka miwili. Daftari zile ninazo mpaka leo, chini ya cherehani ya katikati. Mke wangu anadhani ni za binti.

Tangu siku hiyo sijashona mfuko hata mmoja. Kiti cha gari kikichanika mtu anakaa pembeni, basi. Uliponiandikia "au nishonee" nilipata homa. Ningekushonea, kisha uko katikati ya mto, mahali nisipoweza kukufikia, na kazi ya mkono wangu inavuja. Nikaona bora nikuzuie. Nikasingizia umri wako, na Meneja alipopiga nikafurahi kupata mwenzangu. Nisamehe. Ni uoga wangu, nikaubandika jina la heshima.

Sasa changu umekipata. Chako?

Sindano


15 Mei

Mwanangu Sindano,

Marahaba na pole. Pole kubwa. Kabati lisiloingia mlangoni ni mambo ya mkeo, mwachie mwenyewe.

Changu ni kifupi. Nina sukari. Mwaka wa tatu sasa. Vidonge asubuhi na jioni, na kimashine cha kujipimia chenye vile vijiti vya karatasi. Vijiti vikipata unyevu vinasema uongo. Hivyo ndivyo vitu vidogo vidogo. Daktari anajua safari yangu, amenipima, amenipa ruhusa na orodha ndefu. Kiongozi anajua pia. Meneja hajui chochote. Akijua sukari ataniwekea mtu wa kunikatia mkate. Wewe unajua sasa, na ukimwambia nakufuta upwa.

Sikupi pole nikaishia hapo. Kumwambia mtu tayari wakati si tayari ni kosa, na limemgharimu yule bwana miaka miwili yake. Sikuondolei. Lakini kuacha mifuko yote ya dunia kwa ajili ya mshono mmoja ni kujipa likizo na kuiita adhabu. Wanafunzi wangu waliokosa hesabu sikuwafukuza, niliwarudisha ubaoni.

Simama ubaoni, Sindano. Nataka mfuko mmoja wa mkono wako, mkubwa. Na nataka jibu la swali la Februari. Siku zimebaki thelathini, nami nakwenda hata kama itabidi nivifunge vitu vyangu kwenye sufuria.

Shangazi


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima wote. Mfuko umefungwa pamoja na barua hii. Ni mwekundu, ili ukidondoka majini uonekane kutoka mbali. Mishono minne, tepe nne. Nimeujaza maji nikauning'iniza karakanani siku tatu, mafundi wenzangu wanapita wanainama. Haukudondosha. Pembe ya chini kushoto, utepe unapogeuka, nimeibandika mara mbili kwa sababu siiamini, na sasa hivi ninavyokuandikia bado siiamini. Nakwambia kabla hujauliza.

Jibu la swali lako. Usichukue mfuko mmoja mkubwa wa kila kitu, chukua kadhaa. Mmoja ukiingia maji, mingine inabaki. Ule wa manjano uliounganishwa kwa joto ndio wa mfuko wa kulalia na nguo za kulalia. Vidonge na vijiti nunua kimfuko kidogo cha lita mbili, cha aina hiyohiyo, cha kuona ndani, ili usikifungue ovyo kutafuta. Ndani yake tia mfuko mwingine. Nusu ya vidonge na nusu ya vijiti mpe kiongozi abebe kwenye mtumbwi wake. Zipu ziache kabisa. Usijaze mpaka mdomoni, bakiza robo tupu ya kukunjia. Kabla ya kukunja, kandamiza hewa itoke, lakini si yote, mfuko wenye hewa kidogo unaelea. Futa mchanga mdomoni, chembe moja inafungua njia. Kunja mara nne. Kila mfuko uufunge kwa kamba kwenye mtumbwi, usiuache umelala tu.

Kwenye mwekundu wangu weka masweta, taulo, viatu vya kambini. Vijiti usitie humo. Nakuomba kama mtoto wako, na nakwambia kama fundi.

Meneja alipiga jana. Nikamwambia nimekushonea mfuko. Akakata simu.

Nenda, Shangazi.

Sindano


29 Juni

Sindano,

Mfuko wako umevuja. Nimefika.

Marahaba, na salamu kwa wote, leo zimekuja nyuma kwa sababu nilijua moyo wako hautangoja. Siku sita za kwanza tulikwenda kama watu wanaokwenda sokoni. Nilipiga kasia mpaka viganja vikaota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Mwenzangu wa mtumbwi ni karani mstaafu wa reli, mwembamba, mbishi, hata jiwe anabishana nalo. Nalala kwenye hema dogo, asubuhi natoka kwa miguu minne kama mtoto, nanyooka kidogo kidogo, watu wananicheka, nami nacheka.

Siku ya saba tukafika panapopinda. Sindano, pale ubaoni nilikuwa nachora mkunjo mmoja mzuri wa mviringo. Uongo mtupu! Mto unagonga mwamba, unarudi nyuma, unajizungusha, unapiga kelele mpaka huwezi kumsikia jirani yako. Karani akasema tupite kushoto. Nikasema kulia. Tukiwa bado tunabishana mtumbwi ukapinduka.

Nilizama, jaketi likanirudisha juu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni wekundu wa mfuko wako, umejiinua majini, umefungwa kamba, nikaushika. Ukanibeba mpaka wakatuvutia kwenye mchanga. Kila mfuko ulikuwa mahali pake. Kimfuko cha vijiti kikavu. Nilijipima palepale, sukari ilikuwa imeshuka, kiongozi akanipa glukosi, nikakaa juu ya jiwe nikala na kumtukana karani. Wa manjano mkavu.

Wako, pembe ya chini kushoto. Utepe umebanduka urefu wa kidole gumba, maji yameingia kiasi cha bakuli. Masweta yote mawili yalilowa, na siku tano zilizobaki nimevaa koti la kiongozi linalonifika magotini. Ulisema huiamini na ulikuwa sahihi. Yule mtafiti ulimwambia tayari, mimi umeniambia pembe ipi, na ndiyo maana naandika barua hii kwa mkono wangu. Huo ndio ufundi. Mfuko nakurudishia uufumue uone kosa, kisha uniletee mwingine. Na zile daftari zitoe chini ya cherehani, umpelekee mwenyewe, umwambie Jumamosi ile ilikuwaje. Atakufukuza labda. Nenda hata hivyo.

Siku ya kumi na mbili tulitokea ziwani saa tisa mchana. Kwenye gati Meneja amesimama na mwavuli, hakuna mvua, na ameshika blanketi la kunifunikia. Nilishuka mtumbwini mwenyewe. Nilianguka kwa makalio kwenye maji ya kufika kifundo, nikainuka mwenyewe, karani akanipigia makofi. Nikapanda gati kwa miguu yangu, taratibu, nimeshikilia reli. Meneja akalikunja lile blanketi. Nikamwambia palepale habari ya sukari, yote, kwa sababu nilikuwa nimesimama na yeye anaona nimesimama.

Akachukua mfuko wako akauweka begani, ukamlowesha shati lote la kazini. Tukaenda mpaka kwenye gari. Nilikaa mbele, nikafunga mkanda. Yeye akashika usukani bila kuwasha, akaniuliza kwa ile sauti aliyokuwa nayo darasa la tatu akivunja kitu:

"Mama, tunaelekea wapi?"

Nikamwambia, "Kwangu." Akawasha gari.

Shangazi yako